Mkeka hurudishwa, neno halirudi

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeufundisha mkono wa mwanadamu kazi na akautia moyo wake huruma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ijumaa ya leo tumependa kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo. Ni habari ya mkeka, paka, na mama mtu mzima anayeishi kwa kuuza kazi ya mikono yake. Tunawaomba mtuvumilie, kwani ndani ya dogo hili zimo haki tatu ambazo kila mmoja wetu ataulizwa kwazo: haki ya mwenye kufanya kazi, haki ya mnyama asiyeweza kujisemea, na haki ya heshima ya Muislamu.

Siku si nyingi zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa mjini Kilwa Kivinje, alitujia ndugu mmoja akiwa na mkeka begani. Ulikuwa mkeka mzuri wa ukindu, wenye rangi ya zambarau na kijani. Akatuambia kuwa mkewe ameununua kwa mama mmoja wa mtaa wa jirani ili familia iswalie nyumbani, lakini sasa wameambiwa kuwa msukaji wake anaishi na paka watano, na paka hao hulala juu ya kazi yake. Akauliza: "Je, sheikh, swala yetu inasihi juu ya mkeka huu?"

Tulimjibu kwa ufupi kwamba inasihi, na tukadhani ameridhika. Lakini hakuondoka. Alisogea karibu, akashusha sauti, akasema: "Sheikh, lipo na jingine. Watu wanasema wale si paka hivi hivi. Yule dume mweusi wanasema ni shume la kutumwa. Mimi nataka nimrudishie mkeka wake, naye anipe fedha zangu."

Tukamwambia: "Basi twende sote."

Tulimkuta mama huyo kibarazani kwake. Hatutamtaja jina wala mtaa, kwani hakuomba kuandikwa. Ni mjane wa umri wa mama zetu, na watoto wake wako mbali. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia marahaba na kutukaribisha jamvini, huku vidole vyake vikiendelea kusuka ukili. Paka mmoja alikuwa amejikunja ndani ya kikapu kitupu, wawili wamelala kivulini, na yule dume mweusi aliyetiwa katika midomo ya watu alikuwa akijilamba kizingitini, hana habari na yeyote.

Tulimuuliza kwanza habari za kazi. Alitueleza kwa furaha, kama aelezavyo kila fundi anayeipenda kazi yake. Majani machanga ya mkindu hukatwa na kuanikwa mpaka yakawa meupe. Kisha huchanwa membamba, na yale yatakayotiwa rangi huchemshwa sufuriani pamoja na rangi. Baada ya hapo husukwa ukili, pima baada ya pima, ndipo ukili huo ushonwe mzunguko kwa mzunguko mpaka utokee mkeka. Miyaa ya mkoche, ambayo ni migumu zaidi, husukwa majamvi na vikapu. Mkeka ule aliokuwa nao ndugu yetu begani ulimchukua karibu mwezi mzima. Tulipomuuliza juu ya paka akacheka: "Mwanangu, bila hawa panya wangenila mimi na ukili wangu. Panya akiingia kwenye ukili usiku mmoja, kazi ya wiki mbili imekwisha."

Ndipo ndugu yetu akasema lililomleta. Alilisema kwa adabu, lakini alilisema lote, la najisi na la shume. Mama yule alinyamaza kitambo. Kisha akasema maneno ambayo hadi leo hayajatutoka moyoni: "Mkeka nirudishie, mwanangu. Fedha nyingine ninazo, nyingine nitakupa nikishauza makawa haya. Lakini hilo neno mlilolitembeza mtaani, mtalirudisha kwa nani?"

Wasomaji wetu, sisi tuliokuwa tumekaa pale tukiwa na vilemba na elimu yetu hatukuwa na jibu. Na hatuna budi kukiri hapa kwamba uvumi ule haukuwa mgeni masikioni mwetu. Tulikwishausikia kabla ya siku ile, tukaupuuza tukisema ni maneno ya mtaani tu, na hatukulisimamia jambo hilo darasani wala mimbarini. Makala hii basi ni sehemu ya kulipa deni.

Hukumu ya paka na mkeka

Tuanze na suala la kwanza, kwa kuwa ni la fiqhi na jawabu lake liko wazi. Amepokea Kabsha bint Kaab bin Malik, aliyekuwa mke wa mtoto wa Abu Qatada, kwamba siku moja alimtilia mkwewe maji ya kutawadhia. Akaja paka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomwona mkaza mwana wake anastaajabu, alimweleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Hadithi hii wameipokea Imam Malik, Abu Daud, Tirmidhi na wengineo, na ndiyo tegemeo la wanazuoni wengi katika mlango huu. Basi ikiwa maji aliyoyanywa paka yanafaa kutawadhia, vipi mkeka aliolalia usifae kusujudia?

Ama manyoya yake, wanazuoni wamehitilafiana. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, unyoya uliotengana na mnyama asiyeliwa nyama akiwa hai una hukumu ya najisi, lakini uchache wake umesamehewa. Wanazuoni wa Kihanafi na wa Kimaliki wameona kuwa manyoya hayo ni twahara. Kwa hiyo mwenye mkeka na aukung'ute, aswali, wala asijitie wasiwasi. Mkojo na kinyesi chake ni najisi bila shaka, na palipoingia huoshwa kwa maji, kama inavyooshwa najisi nyingine yoyote. Hiyo ndiyo dini yetu, nyepesi kwa mwenye kuielewa.

Na lau tungetaka mfano ulio karibu zaidi na kisa chetu, tunao katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim. Anas bin Malik ameeleza kuwa bibi yake aitwaye Mulayka alimwalika Mtume (S.A.W.) chakula. Walipokwisha kula, Mtume alitaka kuwaswalisha. Anas akauendea mkeka wa nyumbani uliokuwa umekuwa mweusi kwa kutumika siku nyingi, akaunyunyizia maji, na Mtume akasimama juu yake akaswali. Anas na yatima mmoja walisimama nyuma yake, na yule bibi nyuma yao. Mtukufu wa viumbe hakudai zulia, na wala hakuuliza ni kiumbe gani kililala juu ya mkeka ule jana yake. Aliuheshimu mkeka wa mama mtu mzima kwa kusujudu juu yake.

Huruma kwa wasio na ulimi

Mapenzi ya paka si jambo geni katika umma huu. Sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko wote tunamjua kwa lakabu ya Abu Hurayra, na ameeleza mwenyewe, kama alivyopokea Tirmidhi, kuwa alipokuwa akichunga kondoo wa watu wake alikuwa na paka mdogo aliyekuwa akicheza naye. Wako wanaosimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikata mkono wa kanzu yake ili asimwamshe paka aliyelala. Kisa hicho hakikuthibiti kwake katika vitabu vya Hadithi, na tusimnasibishie Mtume ambalo halikuthibiti. Kisa cha namna hiyo kimetajwa katika habari za Sheikh Ahmad Rifai, aliyefariki mwaka 578 Hijria, ambaye jina lake linafahamika vyema kwa watu wa twariqa katika pwani yetu. Inasimuliwa kuwa alikata mkono wa nguo uliolaliwa na paka, akaenda kuswali, na aliporejea akaushona.

Kwa upande wa pili, Mtume ametuonya kwa kisa cha mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia. Hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Tazameni sasa tunavyofanya sisi. Paka akizaa nyumbani, watoto hutiwa ndani ya mfuko na kwenda kutupwa sokoni au kwenye mtaro, kabla hawajaweza hata kujilisha. Watoto wetu huwarushia mawe, nasi tunacheka. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratul-An'aam, aya ya 38, kuwa wanyama nao ni umma kama sisi. Mama yule wa Kivinje hugawana na paka wake vichwa vya dagaa, na kwa hilo jamii imempa jina baya badala ya kumwombea dua njema.

Chumo la mkono

Haki nyingine ni ya kazi yake. Mtume (S.A.W.) amefundisha, katika Hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokichuma kwa mkono wake, na kwamba Nabii Daud (A.S.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Na katika wake wa Mtume, Mama wa Waumini Zaynab bint Jahsh alikuwa fundi: alikuwa akitengeneza na kushona ngozi, na kipato chake akikitoa sadaka. Mtume alipowaambia wakeze kuwa atakayemfuata mapema ni mwenye mkono mrefu kuliko wote, walipimana mikono. Walikuja kufahamu baadaye kuwa alimkusudia Zaynab, kwani urefu uliokusudiwa ni wa kufanya kazi na kutoa.

Basi sisi tunawafanyia nini akina Zaynab wa pwani yetu? Tunaingia dukani kununua bidhaa ya kiwandani, tunalipa bei iliyoandikwa bila kufungua kinywa. Lakini tukifika kibarazani kwa msukaji, tunataja bei ambayo ukiigawanya kwa siku alizofanya kazi haifiki bei ya mkate mmoja kwa siku, na akikataa tunamwambia kuwa ukindu unaota bure porini. Ndiyo, ukindu huota bure, lakini je, macho yake, mgongo wake na mwezi wake mzima navyo vimeota bure?

Kupatana bei ni halali. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipatana na Jabir bin Abdillah bei ya ngamia, lakini walipofika Madina alimlipa thamani yake na ziada, kisha akamrudishia na ngamia wake. Kilichokatazwa ni kudhulumu. Nabii Shuaib (A.S.) aliwaonya watu wake, kama ilivyo katika Suratul-A'raaf, aya ya 85, wasipunguze vipimo wala wasiwapunguzie watu thamani ya vitu vyao. Anayejua kuwa muuzaji hana unga ndani, akaitumia njaa yake kuishusha bei, na ajipime mwenyewe kwa aya hiyo.

Wako watakaosema: mbona asipeleke kazi yake Dar es Salaam? Ni kweli kwamba tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 katika mto Rufiji, safari imekuwa nyepesi kuliko zamani. Lakini mtu mzima hana nauli ya kwenda kukaa mjini akisubiri wateja, na mchuuzi akija huchukua kwa bei yake. Tena tukumbuke mwezi Mei mwaka 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya kusini eneo la Somanga, na magari yakakwama huku na huku. Siku kama hizo msukaji hana soko ila jirani yake. Na jirani yake ni sisi.

Mwaka 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni, tulitaraji kuwa vikapu vya miyaa vitarudi mikononi mwa watu. Wengi wetu tulikimbilia mifuko mingine ya viwandani. Na misikiti yetu mingapi imetandikwa mikeka ya plastiki, hali ya kuwa nje ya mlango wake wapo wajane wanaosuka misala?

Kilwa ina urithi katika hili. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultan Hassan bin Sulayman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa ukarimu wake. Ameeleza kuwa Sultan huyo, akitoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa, aliombwa na fakiri mmoja nguo alizovaa mwilini. Akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha, akampa. Mji ambao mtawala wake alivua nguo Ijumaa kwa ajili ya fakiri, hauwezi leo kushindwa kumlipa mjane haki ya mkeka wake.

Dhana na ulimi

Sasa tuje kwenye lililo zito kuliko yote. Uchawi umetajwa katika Qur-aan, na Suratul-Baqara, aya ya 102, imebainisha kuwa wachawi hawamdhuru yeyote ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Lakini kuamini kuwa uchawi upo si ruhusa ya kumwita jirani yako mchawi. Upweke si ushahidi, uzee si ushahidi, paka mweusi si ushahidi. Suratul-Hujuraat, aya ya 12, imetutaka tujiepushe na dhana nyingi, tusipelelezane, wala tusisengenyane. Na aendaye kwa mpiga ramli kumuuliza habari za ghaibu, Mtume ametueleza kuwa swala yake haikubaliwi kwa muda wa siku arobaini.

Msidhani kuwa haya ni maneno tu. Sote tunajua yaliyowapata mama zetu wa Kanda ya Ziwa, waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ulitokana na moshi wa jikoni. Mwezi Januari mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Na Sheria ya Uchawi ya nchi yetu, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji pia yule anayemtuhumu mwenzake uchawi. Kila panga lililoshuka juu ya bibi kizee lilitanguliwa na neno lililosemwa kibarazani kwa sauti ya chini, kama lile tuliloambiwa sisi nje ya msikiti.

Ndugu yetu alikuja na khofu kuwa unyoya wa paka utaiharibu swala yake. Khofu hiyo ni njema kwa mwenye kujali ibada. Lakini Mtume (S.A.W.) ametueleza habari za muflisi wa umma huu. Huyo ni mtu atakayekuja siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, hali ya kuwa alimtukana huyu, akamsingizia yule, na mema yake yatagawiwa aliowadhulumu mpaka yaishe. Unyoya hukung'utwa ukaanguka. Neno la uzushi halikung'utwi, nalo ndilo linaloila swala.

Tufanye nini?

Kwanza, aliyetamka arudi kule kule alikotamka, aseme kwamba alikosea, na amwombe radhi aliyemsema. Toba ya haki ya mja haitimii kwa istighfari peke yake. Pili, maimamu na walimu wa madrasa tusinyamaze tunaposikia mtu mzima akinyooshewa kidole. Tatu, kamati za misikiti zinunue misala na majamvi kwa wasukaji wa mitaa yao, kwa bei ya haki. Nne, wazazi wawafundishe watoto kumwekea paka maji badala ya kumrushia jiwe. Na tano, wafugaji nao watimize wajibu wao: wawachanje paka dhidi ya kichaa cha mbwa, kwani ugonjwa huo huwapata paka pia, na wahifadhi kazi iliyokamilika mahali ambapo paka hawafiki, ili mnunuzi awe na raha.

Ama ndugu yetu, alikaa kimya muda mrefu pale kibarazani. Kisha akauviringisha mkeka wake, akautia begani, akasema: "Mama, nisamehe. Mkeka nitakwenda nao." Mama akamwambia: "Nimekusamehe, mwanangu. Sasa nenda ukalifuate lile neno."

Akaondoka kulifuata. Tulimwona akisimama kwenye baraza ya kwanza, kisha ya pili, mkeka ukiwa bado begani. Nasi tunaliandika hapa ili tumsaidie kulifuata, kwani neno lina miguu mingi, na mtu mmoja halimudu.

Mwenyezi Mungu atutakasie ndimi zetu kama tunavyotakasa mahali petu pa kusujudia, na awabariki mama zetu katika chumo la mikono yao. Amin.